Hewa ikivuja kifuani mwa mtoto njiti: tuliyojifunza kwenye CPAP, Unguja na Pemba

Mapafu ya njiti hayapasuki kwa kishindo. Kijitundu kisichoonekana hufunguka kwenye vifuko vya hewa, hewa ikatambaa pembezoni mwa mishipa ya damu hadi kwenye shina la pafu, na kutoka hapo ikatafuta pa kukaa: baina ya pafu na ukuta wa kifua, au katikati ya kifua, na mara chache sana ndani ya ngozi inayouzunguka moyo. Mtafiti Macklin aliieleza njia hiyo tangu 1939. Kinachotushughulisha sisi ni kwamba baina ya kijitundu kufunguka na moyo kuanza kuzorota huweza kupita saa nzima au dakika tano, na katika muda huo mtoto yuko mikononi mwa muuguzi mmoja wa zamu, usiku, mwenye watoto wengine kumi.

Tunayaandika haya kwa wauguzi, wakunga na madaktari wa hospitali za visiwa vyetu ambao wameletewa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kwa mtoto ili vifuko vya mapafu visifunge, na wakafunzwa kuiwasha, lakini hawakufunzwa vya kutosha la kufanya siku hewa inapovuja. Tunawaandikia pia wazazi wanaokaa nje ya mlango wa wodi wakisikia neno "pafu" bila kuelewa jengine lolote. Mambo mawili ndiyo yanayookoa zaidi. Kwanza, ujue presha inayofika kwenye pafu, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye chupa ya maji ya mashine haikuambii hilo kila siku. Pili, sindano ya kutolea hewa iwe tayari kabla haijahitajika.

Kabla ya mashine

Pafu hutengeneza safaktanti, utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane kila mtoto anapotoa pumzi. Hautoshi mpaka mimba inapokaribia wiki ya 34 au 35. Mtoto wa wiki 28 ana vifuko vichache vilivyofunguka na vingi vilivyogandana, na hewa anayosukumiwa haigawiki sawa: hukimbilia kule kulikokwisha kufunguka. Vifuko vizima vinavutwa kupita kiasi na vilivyofungwa havipati kitu. Hapo ndipo panapochanika.

Kwa hiyo kinga ya kwanza hutolewa kwa mama. Deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni, miligramu 6 kwa sindano ya msuli, kila baada ya saa 12, mara nne, kwa mjamzito wa wiki 24 hadi 34 anayetarajiwa kujifungua karibuni, asiye na maambukizi ya tumbo la uzazi, na akiwa mahali ambapo mtoto atahudumiwa. Dozi moja tu kabla ya kujifungua nayo ina faida, kwa hiyo usiiache kwa kudhani muda hautatosha.

Shida kubwa hapa kwetu ni umri wa mimba. Mama wengi huhesabu kwa miezi ya Kiislamu, na hesabu hiyo ni nzuri sana mradi uigeuze kuwa siku. Miezi tisa ya mwezi mwandamo ni takriban siku 266, wakati mimba kamili huhesabiwa siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti ya wiki mbili hutosha kukufanya umchome asiyestahiki au umnyime anayestahiki. Muulize kuhusu Ramadhani: alifungua siku ngapi kwa ajili ya hedhi, na zilikuwa za kumi lipi? Mwanamke mwenye saumu za kulipa hukumbuka tarehe hizo vizuri kuliko kadi yoyote.

Mtoto akishatoka, hatari inayofuata ni ambu, mfuko wa kufinya kwa mkono wa kumpumulisha mtoto. Ambu ya mtoto mchanga hubeba karibu mililita 240. Njiti wa kilo moja anahitaji mililita 4 hadi 6 kwa pumzi. Ukiifinya kwa kiganja kizima unaweza kumchana pafu ndani ya dakika yake ya kwanza, kisha lawama ikaenda kwa CPAP saa sita baadaye. Finya kwa vidole viwili, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, kifua kinyanyuke kiasi cha kuonekana tu. Kama ambu ina kipimo cha presha, anza na sentimita 20 hadi 25 za maji. Valvu ya usalama hufunguka baina ya 30 na 40, na huwa mtu akaiziba kwa kidole pale kifua kinapokataa kunyanyuka. Usiizibe kabla ya kurekebisha kichwa, kusafisha njia ya hewa na kukaza barakoa vizuri usoni. Mara nyingi kifua kilichokataa ni barakoa iliyovuja. Kama kuna valvu ya kubakisha presha mwisho wa pumzi, ifunge, iweke kwenye 5. Pafu linalogandana na kufunguliwa upya kila pumzi huumia haraka.

Presha ya kweli

CPAP ya mapovu ni kifaa chepesi: hewa yenye oksijeni huingia kwa mrija mmoja, hupita puani kwa mtoto, hutoka kwa mrija wa pili uliozamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha mrija ndani ya maji ndiyo presha. Sentimita 5 za kina, sentimita 5 za presha.

Hiyo ni kwa hesabu ya darasani. Kwenye wodi, presha inayofika puani huzidi kile kina kwa sababu kadhaa, na kila moja tumeiona ikimdhuru mtoto.

Maji ya mvuke ndiyo mkosaji wa kila siku. Hewa yenye unyevu ikipoa ndani ya mrija wa kutolea, maji hukusanyika kwenye bonde la mrija, na mtoto sasa anatoa pumzi dhidi ya maji yale pamoja na maji ya chupa. Chupa bado inasoma 5. Panga mrija uteremke moja kwa moja kuelekea chupani usiwe na tumbo, na umwage maji yaliyokusanyika kila unapopita, si pale tu mapovu yanapopoteza mdundo. Maji yale yale yakishukia chupani huongeza kina. Piga mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye chupa, na kila zamu ipunguze maji hadi mstarini.

Mrija mwembamba ni hatari kubwa zaidi kwa sababu haurekebishiki. Tunajua jinsi vifaa vinavyopatikana kwa taabu, na mtu mwenye nia njema hutengeneza CPAP kwa mrija wa oksijeni wa kawaida na chupa tupu ya dripu. Mrija wa kuingizia unaweza kuwa mwembamba. Wa kutolea lazima uwe mpana, karibu sentimita moja ndani, na mfupi kadiri inavyowezekana. Ukiwa mwembamba, pumzi haitoki kwa urahisi na presha hupanda bila kuonekana popote. Kama huna mrija mpana, ni afadhali oksijeni ya kawaida kwa kiwango kidogo huku ukipanga kumhamisha.

Kisha kasi ya hewa. Lita 5 hadi 7 kwa dakika huwatosha wengi. Unachotaka ni mapovu yasiyokatika. Mapovu yanayotokota hayamsaidii mtoto zaidi, yanamwongezea presha. Kama mapovu hayaji kwa lita 7, usipandishe hadi 10, tafuta panapovuja: vimirija vya puani ni vidogo kuliko pua, au mdomo uko wazi. Vimirija vijaze tundu la pua bila kulifanya jeupe, na baina yake na ukuta wa katikati ya pua ibaki nafasi ya milimita mbili hivi. Ukuta huo huoza kwa siku mbili ukibanwa.

Kabla ya kumwunganisha mtoto na mashine, ziba vimirija kwa kidole kilichovaa glavu safi na usome kipimo cha presha, kama unacho. Chupa ikisema 6 na kipimo kikasema 9, amini kipimo.

Tunaanza na sentimita 5 au 6, na hatupiti 8. Utafiti wa COIN uliochapishwa 2008 unapaswa kujulikana na kila anayegusa mashine hii: kwa watoto wa wiki 25 hadi 28, waliovuja hewa walikuwa takriban asilimia 9 kwenye kundi la CPAP na asilimia 3 kwenye kundi lililowekewa mrija wa koo. CPAP ile ilianzia sentimita 8. Vifo vya makundi mawili havikutofautiana sana, na nusu hivi ya waliowekewa CPAP hawakuhitaji mashine kubwa ya kuwapumulia katika siku tano za mwanzo, kwa hiyo hatumwambii mtu aiogope. Tunamwambia kwamba presha ni dozi kama dawa nyengine.

Mrija wa tumboni uwe wazi, mwisho wake umening'inizwa juu ya kiwango cha mtoto, kwa sababu hewa inayomezwa huvimbisha tumbo na kukisukuma juu kiwambo kilicho baina ya tumbo na kifua. Lengo la oksijeni kwenye damu ni asilimia 90 hadi 95. Kama hospitali haina kichanganyio cha oksijeni na hewa, na mtoto anapewa oksijeni tupu, macho yake yanalipa. Jengine ambalo watu wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa ni umeme. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na hata leo kukatika kwa nusu saa kunazima mashine ya kuzalisha oksijeni. Mtungi uliojaa, wenye rejeta iliyojaribiwa, usimame karibu na kitanda. Mtoto anayekosa presha ghafla kisha akasukumiwa ambu kwa hofu gizani ndiye anayevuja.

Saa za kuangalia

Wengi huvuja ndani ya siku tatu za mwanzo. Watu hutegemea iwe wakati mtoto yuko hoi, na huwa hivyo, lakini kuna saa nyengine isiyotegemewa: pafu linapoanza kulainika. Siku ya pili au ya tatu, au dakika chache baada ya kupewa safaktanti, pafu lililokuwa gumu linakubali hewa kwa urahisi, na presha iliyokuwa inafaa asubuhi inakuwa nyingi jioni. Oksijeni inayohitajika ikishuka, punguza na presha kwa sentimita moja moja. Usiiache tu kwa kuwa "anaendelea vizuri".

Tunaandika kila saa: kasi ya pumzi, mapigo, asilimia ya oksijeni kwenye damu, asilimia ya oksijeni anayopewa, presha, na alama za Silverman, zinazopima jinsi mtoto anavyohangaika kupumua. Kinachotuonya mapema zaidi ni oksijeni anayopewa. Damu inaweza kusoma 92 usiku kucha kwa sababu muuguzi anaongeza kidogo kidogo, 30, 35, 45, na kila ongezeko peke yake linaonekana dogo. Mtoto anayepanda zaidi ya 30 kwenye presha ya 6 ndani ya saa za mwanzo anahitaji safaktanti kama ipo, au simu kwa hospitali ya rufaa. Akipanda ghafla, hiyo ni dharura.

Dalili za hewa kuvuja: oksijeni kushuka ghafla, pumzi za haraka na kukoroma kunakorudi baada ya kutoweka, upande mmoja wa kifua kubaki umenyanyuka, sauti ya moyo kuhama, tumbo kuvimba kwa kusukumwa ini chini, ngozi kupauka, na mwisho mapigo kushuka. Usingoje zote. Usitegemee pia kusikia tofauti ya sauti kwa stethoskopu: kifua cha kilo moja ni kidogo mno, sauti ya pafu la upande wa pili husikika upande wote.

Katika dakika ya kwanza tunapita njia moja kila mara. Pua: kuna makamasi, vimirija vimetoka, vimebonyea? Mashine: mapovu yapo, mtungi umekwisha, mrija umejikunja? Tumbo: vuta hewa kwa bomba la sindano. Yote yakiwa sawa na mtoto bado anashuka, ni kifua mpaka ithibitike vyengine. Hapo usiongeze presha. Mkono wa kila mtu huenda kwenye chupa kuzamisha mrija zaidi, na ndiyo njia ya kuijaza hewa pale isipotakiwa.

Taa na picha

Zima taa za wodi, vuta pazia, yape macho yako muda wa kuzoea kiza. Tumia tochi ya LED yenye mwanga mkali, isiyotoa joto. Ya balbu ya zamani huunguza ngozi ya njiti kwa sekunde. Iweke chini ya mtulinga, kisha ubavuni chini ya kwapa, linganisha pande mbili. Duara la mwanga la sentimita moja hivi kuzunguka tochi ni la kawaida. Upande mzima ukiwaka, kuna hewa. Kwa mtoto mdogo sana mwenye ngozi kama haipo, kifua huwaka hata kikiwa kizima, na kwa mtoto aliyevimba maji mwanga husambaa chini ya ngozi. Kwa mtoto mkubwa mnene, kutokuwaka hakukupi amani.

Kama mtoto ametulia, piga eksirei. Hewa hupanda mbele ya kifua cha mtoto aliyelala chali, kwa hiyo picha ya kawaida inaweza kukupa upande mweusi kuliko mwengine na ukingo wa moyo uliochongeka sana, bila mstari wa pafu. Mlaze ubavu, upande unaoshukiwa ukiwa juu, upige tena. Mkunjo wa ngozi hudanganya wengi: mstari wake hupita nje ya kifua, na mishipa ya pafu huonekana ng'ambo yake. Hewa ikikaa katikati ya kifua huinua tezi ya thaimasi ikaonekana kama tanga la jahazi lililojaa upepo, na hiyo kwa kawaida huachwa itoweke yenyewe. Kuna na hewa iliyonasa ndani ya nyama ya pafu, vijipovu vidogo vidogo upande mzima: haichomwi sindano. Punguza presha kadiri mtoto anavyostahimili, mlaze kwa upande ulioathirika uwe chini.

Kama mapigo yanashuka, usingoje picha.

Sindano

Trei yetu iko chini ya kila mashine ya CPAP, imefungwa, na hukaguliwa kila zamu. Ndani yake kuna kanula mbili za geji 22 au 24, sindano ya kipepeo ya geji 23, koki ya njia tatu, bomba la sindano la mililita 20, glavu tasa, dawa ya kusafishia ngozi, gozi, plasta, na chupa ndogo ya maji tasa. Haifunguliwi kwa shughuli nyengine hata kama kanula zimekwisha wodini, na hilo limeleta ugomvi zaidi ya kitu chochote tulichopanga.

Mahali: nafasi ya pili baina ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, au nafasi ya nne kwenye mstari wa mbele wa kwapa. Jiepushe na chuchu. Pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu hukimbia chini ya kila ubavu. Bomba na koki viwe vimeshaunganishwa. Ingiza polepole huku ukivuta. Hewa ikija, acha kusukuma. Kwa kanula, chomoa sindano ya ndani, ubakishe plastiki, unganisha koki. Vuta, fungua koki nje, sukuma hewa itoke, rudia. Hesabu mililita kwa sauti, mtu wa pili aandike.

Hewa ikikoma na mtoto akarudi, chomoa, funika, mwangalie kwa karibu. Ikiwa unavuta na haikomi, pafu linaendelea kuvuja na mrija wa kifua unahitajika. Ukiwa peke yako na huna bomba, kipepeo kilichoingizwa kifuani, ncha ya mrija wake ikiwa sentimita mbili chini ya maji kwenye kikombe kilicho chini ya kiwango cha mtoto, hutoa mapovu na kukununulia muda. Usikiache ndani: chuma humchana pafu linaporudi kutanuka.

Uvujaji mdogo kwa mtoto anayepumua vizuri hauhitaji sindano. Huisha ndani ya siku moja au mbili. Zamani walipewa oksijeni asilimia 100 ili hewa inyonywe haraka. Kwa njiti usifanye hivyo, kwa ajili ya macho na mapafu yenyewe.

Mrija wa kifua

Huu ni wa daktari aliyefunzwa. Saizi 8 au 10 kwa njiti, nafasi ya nne au ya tano, mstari wa mbele wa kwapa, ncha ielekee mbele na juu, kina cha sentimita 2 hadi 3 kwa mdogo sana. Lidokeini ya asilimia 1, isizidi mililita 0.3 kwa kilo, na uisubiri ifanye kazi. Njiti husikia maumivu. Matone ya maziwa ya mama mdomoni na mikono ya mtu inayomshika kwa utulivu hupunguza, na mtoto asiyelia havuji zaidi.

Chupa ya maji iwe chini ya kitanda, mrija sentimita 2 ndani ya maji. Mapovu maana yake hewa inatoka. Maji kupanda na kushuka na pumzi maana yake mrija uko wazi. Vyote viwili vikikoma ghafla, tazama kama umejikunja au umeziba kabla ya kufurahi. Usiubane kwa koleo wakati wa kumgeuza au kumpima. Kisha CPAP inaweza kuendelea kwa presha ndogo. Mrija hutolewa baada ya saa 24 bila mapovu na picha inayoonyesha pafu limetanuka. Tundu lizibwe hapo hapo kwa gozi yenye vaselini na plasta.

Kuvuka bahari

Mtoto wa Pemba anayehitaji mashine kubwa hupelekwa Unguja, na hapa ndipo tunapoomba sana watu wasikimbilie. Ndege ndogo zinazoruka baina ya visiwa hazina presha ya ndani. Hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kadiri ndege inavyopanda. Kwenye mita 1,500 huongezeka kwa takriban sehemu moja ya tano. Uvujaji uliokuwa mdogo Chake Chake unaweza kumbana mtoto juu ya mkondo wa bahari. Itoeni kwanza, wekeni mrija, mwombeni rubani aruke chini inavyoruhusiwa.

Kwa boti shida ni chupa. Bahari ya Nungwi inaijua kila mtu aliyewahi kuvuka, na chupa ikilala ubavu kizuizi cha maji hupotea, hewa ya nje ikaingia kifuani. Valvu ya njia moja ndiyo inayofaa. Ikikosekana, kidole cha glavu tasa kilichofungwa barabara kwenye mwisho wa mrija na kupasuliwa nchani hufanya kazi hiyo kwa saa chache. Muuguzi anayesafiri achukue trei nzima, ambu, tochi na mtungi wenye oksijeni ya mara mbili ya muda wa safari. Na mama avuke naye, hata akiwa na mshono, kama hali yake inaruhusu. Gharama inaonekana hapo: nauli ya jamaa wa kumsaidia mama, pa kulala, chakula cha siku zisizojulikana idadi. Waambieni mapema, familia ipate kuchangishana kabla ya boti ya asubuhi.

Kusema na wenyewe

"Pafu limepasuka" ni neno linalomwua mama aliyesimama. Tunamwambia: "Bi mkubwa, hewa imetoka nje ya pafu la mwanao na inambana. Tumeitoa kwa sindano. Tutaweka kimrija kidogo mpaka pafu lijizibe lenyewe, na mengi hujiziba kwa siku chache." Kisha tunamwambia na lile gumu: damu inapobanwa kurudi kwenye moyo, mishipa ya kichwani mwa njiti huweza kuvuja, kwa hiyo atapigwa picha ya kichwa kwa altrasaundi. Asilisikie kwanza kwa mtu mwengine.

Bibi wa mtoto huja na maswali ya siku ya saba. Kunyoa nywele kunamwondolea mtoto joto, kunalegeza kofia inayoshika vimirija, na kilio chake kinapandisha presha ya kifua. Hatumkatazi mtu akika yake. Tunaomba iende siku ya kumi na nne au ya ishirini na moja, na wazee wanalijua hilo kuliko sisi. Dua zisomwe, mikono ikioshwa.

Mtoto arudi kifuani kwa mama mapema inavyowezekana. Utafiti wa 2021 uliofanyika pia Tanzania ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 walioanzishiwa huduma ya kangaroo mapema walikufa pungufu kwa robo moja kuliko waliosubirishwa mpaka watulie. CPAP haizuii kangaroo. Mrija wa kifua unazuia kwa muda, mpaka utolewe.

Kurudi nyumbani

Kadi iandikwe kwa maneno kamili: upande uliovuja, tarehe, kama ni sindano au mrija, siku ngapi, oksijeni ya juu kabisa aliyopewa. Daktari wa macho amwone akifikisha wiki nne tangu kuzaliwa, na siku hiyo ipangwe kabla hajatoka wodini, kwa sababu familia iliyorudi Micheweni hairudi mjini kwa ahadi ya mdomo. Altrasaundi ya kichwa irudiwe. Moshi wa kuni na udi uwe mbali na chumba anacholala. Akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akivuta mbavu, akikataa ziwa, au akibadilika rangi, aletwe saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na kadi yake.